Bomba Lilinenepa kwa Sababu Yangu

Jumapili, saa kumi na moja kasorobo za jioni. Joto. Upepo wa kaskazi umelegea tangu juzi na mapazia hayatikisiki. Nimeoga mara mbili na bado vidole vyangu vinanuka moshi wa plastiki.

Sijaandika humu kwa miezi minane. Mnaonisoma huenda mlidhani nimechoka na roketi. Sikuchoka. Nilikuwa na jambo ambalo kila nikifungua ukurasa lilitaka litoke, nami nikaufunga ukurasa.

Leo linatoka.

Kwa mgeni wa hapa: mimi ni Agnes, mkaazi wa Mpendae, fundi wa mafriji na viyoyozi. Siku za kazi nazunguka mahotelini, napanda madari, nasikiliza kompresa. Siku nisizo na kazi natengeneza roketi. Si fataki za sikukuu. Ni roketi ndefu kunizidi mimi, yenye parashuti ndani na kibali cha watu wa anga, inayopanda ikarudi ikaokotwa. Tuko watatu tu. Hesabu ni za Mwalimu Zuhura, aliyesomesha hisabati hapa mjini mpaka akastaafu, anakaa ghorofani Mkunazini. Chuma ni cha Vuai, mkerezaji, anayekata vyuma kwa mashine ya kuzungusha, mtu wa Tumbatu mwenye karakana Jang'ombe. Gesi, mabomba na valvu ni vyangu, kwa sababu gesi iliyobanwa ndiyo kazi inayonilisha.

Injini yetu ni ya mseto. Ndani ya bomba la aluminiamu mnakaa mche mnene wa plastiki wenye tundu katikati, na huo ndio unaoungua. Juu yake kuna mtungi wa nitrasi, gesi ileile anayovutishwa mgonjwa kwa daktari wa meno asisikie maumivu. Gesi ikishuka ikaikuta plastiki imeshashika moto, ndipo nguvu inapotoka. Napenda injini ya namna hii kwa kuwa unaweza kuizima kwa kufunga valvu. Lakini haisamehe kwenye viungo. Pale bomba linapokutana na kofia yake ndipo moto unapotafuta njia ya kutokea, na kinachouzuia ni pete ya mpira, nyembamba, ambayo ukiiangusha sakafuni unapiga magoti kuitafuta.

Pete hiyo ndiyo habari yangu.

Mara ya mwisho tuliruka pwani ya Uroa, maji ya bahari yakiwa yametoka na mchanga umebaki wazi mpaka mbali. Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya gari peke yangu, nafunga injini. Kwa bahati mbaya nikaikata pete ya kofia ya juu kwa ncha ya bisibisi. Ya akiba nilikuwa nimeisahau nyumbani. Kwenye mkoba wangu wa kazi mlikuwa na pete za viyoyozi, zile za kijani, na moja ilikaribia kutosha. Ilikuwa nyembamba kuliko mfereji wake, ule mkato wa kuikalisha. Kwa jicho usingeona. Mimi niliona kwa vidole.

Nikaitia. Nikafunga. Sikumwambia mtu.

Kwa nini? Watu walikuwa wameshakusanyika. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuangalia saa. Na mimi, fundi wa gesi wa miaka ishirini, niliona haya kusema nimesahau pete nyumbani. Sina sababu kubwa kuliko hiyo. Nimeitafuta miezi minane na sijaipata.

Roketi ilipanda kama urefu wa minazi miwili. Moto ukapenya ubavuni, juu, karibu na kofia. Ikainama, ikakimbia upande, ikaangukia banda la kukaushia mwani la Bi Mwanaidi na wenzake, wakulima wa mwani wa pale. Wenyewe walikuwa wamekaa mbali kama tulivyopatana, na hakuna aliyeumia. Lakini banda liliungua lote, na kamba zao, na mwani wa wiki nzima.

Tulipokuwa tunakusanya mabaki, mimi niliiona pete kwanza. Ilikuwa imeungua nusu, nusu bado kijani. Nikaiokota nikaitia mfukoni. Baada yangu ndipo Vuai akafika, akanyanyua kipande cha bomba kilichotoboka, akakizungusha juani.

"Ni mie huyu," akasema. "Mfereji nimeukata umekwenda ndani mno."

Mwalimu akamuuliza, "Una hakika, Vuai?"

"Ndo pahala penyewe palipotoboka, Mwalimu. Nani mwengine?"

Wakanitazama mimi, fundi wa viungo. Nikasema, "Huenda."

Neno moja. Pete niliitia kwa haraka, lakini neno lile nililisema nimesimama, nimetulia, ushahidi uko mfukoni mwangu.

Banda tulilijenga upya, sisi watatu, siku nne, miti na makuti. Vuai alifunga kila fundo mara mbili. Baada ya hapo akasema yeye basi, tumtafute mkerezaji mwengine.

Mwalimu hakumtafuta mwengine. Alikaa akachora injini mpya, kubwa kuliko ile. Ya zamani ilikuwa nene kama gilasi ya chai. Hii ni kama kopo la maziwa ya unga. Badala ya klipu moja kushikilia kofia, kuna bolti kumi na mbili kila upande. Badala ya pete moja kila kiungo, pete mbili. Mdomo wa kutolea moto ni wa grafiti badala ya chuma. Na alipiga hesabu ya bolti kwa namna ambayo, mambo yakiharibika, kofia ya chini ndiyo itakayoachia kwanza na kutoka kwa chini, kabla ya bomba kupasuka ubavuni. Alimpelekea Vuai mchoro ule Jang'ombe mwenyewe, kwa miguu yake inayomuuma, akauacha juu ya meza, akaondoka bila ya kumbembeleza.

Miezi mitatu ukakaa pale. Kisha Vuai akaanza kukata.

Jumatano iliyopita alitwita tulione bomba. Lilikuwa zuri, linang'aa ndani na nje, hata kucha haikwami. Nikalinyanyua, nikalirudisha. Lilikuwa zito mno.

Mwalimu alivaa miwani. "Vuai, mwanangu, nilikuandikia unene gani?"

"Milimita tatu na nusu."

"Na hili?"

"Saba."

"Sasa hii itaruka au itatia nanga?"

Vuai hakucheka. Alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Sipunguzi, Mwalimu. Nlikata ndani mno mara moja, tukachoma banda la watu. Mie mkono wangu siuamini tena. Wacha liwe nene."

Mwalimu akamweleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Roketi ikiwa nzito inaondoka kwenye reli yake polepole. Ikiondoka polepole mabawa yake hayajashika upepo, na upepo ndio utakaoamua inakwenda wapi. Siku ya kibali ni moja tu, mwisho wa mwezi, na nyuma yake kuna masika. Kwa uzito ule, alisema, yeye hatii saini.

"Basi msiruke," Vuai akasema, akageukia mashine yake.

Nilisimama nikilitazama bomba lile. Milimita tatu na nusu za ziada, kuzunguka pande zote. Kila unyuzi wa aluminiamu ile isiyotakiwa niliutia mimi siku niliposema huenda. Mpaka Jumatano nilikuwa nikijidanganya kwamba kimya changu kinamuumiza mtu mmoja tu, na kwamba mtu mwenyewe ni mimi. Pale karakana nikaona kinavyotengeneza ajali ya pili, kwa vipimo.

Usiku ule nililala vizuri, na hilo lilinishangaza. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshakata shauri.

Alhamisi, baada ya kazi, nilikwenda Jang'ombe. Vuai alikuwa anakereza shafti ya pampu ya maji ya mtu. Nikamwambia, "Vuai, zima mashine kidogo."

"Sema tu, nnakusikia."

"Zima."

Akazima. Nikaweka vitu viwili mezani: ile pete iliyoungua nusu, ambayo miezi yote hii ilikuwa kwenye kikopo cha sindano nyumbani kwangu, na nyengine mpya ya aina ileile.

"Nini hizi?"

"Hii ni ya Uroa. Ya kofia ya juu. Ile ya kwetu niliikata asubuhi ile, nikatia hii ya kiyoyozi. Hii mpya ni mwenzake, upate kuipima."

Alichukua vernia yake, kile kipimo cha unene, akaipima ile mpya, akaigeuza, akaipima tena. Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa kile kipande cha bomba kilichotoboka. Sikujua kuwa amekiweka. Akapima mfereji. Nilimwona midomo yake ikitaja namba bila ya sauti.

"Haifiki," akasema.

"Haifiki."

"Mfereji ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa, Vuai. Tangu siku ile ulikuwa sawa."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Aliweka vernia chini kwa upole mno. Ningependa angeitupa.

"Miezi minane, Bi Agnes. Miezi minane kila nikikata kitu nnakipima mara sita. Wateja wananambia, Vuai, siku hizi umekuwa mzito, na wengine nshawapoteza. Mke wangu ananiuliza kwa nini nnaamka nnatazama mikono. Mie nnamwambia hamna kitu."

"Nisamehe."

"Sijui. Saa hii sijui." Akachukua kitambaa, akafuta mafuta vidoleni, kidole kimoja kimoja. "Nenda kwanza. Sikutukani. Nenda tu."

Nikaenda.

Sikurudi nyumbani. Nilijua nikifika nyumbani nitajipongeza kwa kusema kweli, nitanywa chai, na yatakwisha hapo. Nikapanda kwa Mwalimu Zuhura. Alikuwa anachambua mchele. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote bila ya kupumzika. Alisikiliza, mikono haijaacha mchele. Nilipomaliza akanyanyuka, akatoa daftari letu la safari, lile tunaloandika kila roketi ilivyokwenda, akafungua ukurasa wa Uroa. Penye sababu ya ajali palikuwa na mwandiko wake mzuri: mfereji umekatwa ndani mno, kosa la kukereza.

Akanipa kalamu.

"Mie nliandika uongo bila ya kujua. Aliyejua ndo atakayeusahihisha. Usiufute, upige mstari usomeke, uandike chini yake."

Nikapiga mstari. Nikaandika: pete isiyo ya kipimo, imetiwa na Agnes, akijua. Neno akijua lilinichukua muda. Mwalimu alisoma, akalifunga daftari.

"Na Uroa?" akauliza.

Nilitaka kumwambia Uroa yamekwisha, banda tumejenga. Macho yake hayakunipa nafasi.

Kwa hivyo Ijumaa nilikuwa Uroa. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kivulini mwa banda lilelile tulilojenga, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, vidole vinakwenda wenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Mmekuja kuchoma jengine?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikakaa chini kwenye mchanga nikasema nilichokuja kusema: kwamba kosa la siku ile halikuwa la yule mkerezaji, lilikuwa langu, nililifanya makusudi kwa haraka, nikanyamaza. Kicheko kikaisha.

Bi Mwanaidi alimaliza kamba aliyokuwa nayo kabla ya kunijibu. "Sie hatukuuliza nani. Banda mlijenga, tukasema haya. Lakini yule mwembamba, mtu wa Tumbatu, alikuja hapa mara tatu. Peke yake. Kuomba radhi. Mara ya tatu tukamwambia, baba, basi, utatutoa machozi. Wewe hukuja hata mara moja."

Sikujua. Wallahi, kama wanavyosema jirani zangu, sikujua. Vuai alikuwa akifunga karakana yake, anakwenda mpaka pwani ya mashariki, anaomba radhi kwa kosa langu, anarudi, hasemi.

"Mie umeniomba, nshasikia," Bi Mwanaidi akasema. "Lakini wa kuombwa radhi ni yule. Na mkija kuruka tena, wewe ndo utakaesimama hapa na sie, kwenye mstari wetu. Si kule nyuma ya gari. Hapa. Ikija upande huu, ije upande wako na wewe."

Nikamwambia nimekubali. Na nimekubali kweli. Hapo ndipo fundi wa gesi anapostahili kusimama.

Jana asubuhi simu ikalia. Vuai. Hakuniamkia.

"Lete pampu yako ya maji. Na geji. Mwalimu nshamwita."

Nilifika nikakuta bomba liko kwenye meza limekonda. Alikuwa amekesha nalo tangu Ijumaa baada ya sala, anaipunguza aluminiamu kidogo kidogo. Sikuuliza unene. Alinipa vernia mkononi.

"Pima. Useme kwa sauti."

"Tatu na nusu."

"Upande wa pili."

"Tatu na nusu."

"Sasa pete."

Zilikuwa nane, zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, nne za kutumia na nne za akiba. Kila moja aliipima yeye akataja namba, kisha nikaipima mimi nikataja namba, na Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, akaandika zote mbili. Ilichukua saa nzima na hakuna aliyelalamika. Kwa pete moja ya akiba namba zetu zilitofautiana kidogo. Vuai akaikata kwa mkasi.

Jaribio lenyewe ni la maji. Unalijaza bomba maji mpaka hewa yote itoke, unalifunga, unasukuma kwa pampu ya mkono mpaka kufikia mara moja na nusu ya nguvu litakayoibeba kazini. Tunatumia maji kwa sababu maji hayabanwi. Bomba likipasuka yanamwagika tu, wakati hewa ingeturushia vipande usoni. Hata hivyo tulikaa nyuma ya mlango wa chuma, na geji inayosoma nguvu ya maji tukaivuta kwa bomba jembamba mpaka upande wetu.

Nikasukuma. Sindano ikapanda, ikapita pale injini ya zamani ilipokuwa inafanya kazi, ikapita pale tulipotaka injini mpya ifanye kazi. Mkono wangu ulikuwa unauma. Nikafika kwenye namba ya Mwalimu, nikaacha.

"Dakika kumi," Mwalimu akasema.

Dakika ya pili sindano ikaanza kushuka.

Polepole, lakini inashuka. Vuai alikuwa ameegemea ukuta. Hakulitazama bomba lake. Alitazama mikono yake.

"Ni kwako au kwangu?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshaona tone. Lilikuwa kwenye kiungo cha pampu, pale ninapofunga mimi, chini ya nati.

"Kwangu," nikasema. "Ni pampu. Njoo utazame."

Akaja, akainama, akaligusa tone kwa kidole. Akakaa vile ameinama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akanipa spana.

Nikafungua, nikasafisha, nikakaza upya, tukaanza mwanzo. Safari hii sindano ilifika ikakaa. Dakika kumi nzima nilikuwa nasikia kuku wa jirani na mtu anayepiga nyundo mtaa wa pili. Mwalimu aliposema "Basi", sindano ilikuwa haijasogea hata unywele. Vuai alizunguka mlango, akalipapasa bomba lake kwenye viungo kwa kiganja chote, juu na chini. Kiganja kikatoka kikavu.

Leo ilikuwa zamu ya moto.

Nilisali misa ya kwanza, nikatoka na nguo zilezile. Tulikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, kusini mwa mji. Mwenyewe anatujua na ameturuhusu. Injini tuliifunga kwenye kitako cha zege, imelala, mdomo unatazama ukuta wa jiwe, na nyuma yake kipimo cha nguvu kilichounganishwa na kompyuta ya Mwalimu. Pete za kofia ya juu nilizitia mimi. Vuai alisimama juu yangu muda wote. Sikuudhika. Nilimwonyesha kila moja kabla ya kuipaka mafuta, na kila moja ilipokaa kwenye mfereji nikauweka ukucha wa Vuai juu ya pete ahisi mwenyewe.

Tukaenda nyuma ya ukuta, mbali, waya umetufuata. Nikajaza gesi. Kwenye geji yangu niliona mtungi unapata nguvu yake. Nikahesabu kwa sauti kuanzia kumi. Vuai ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuwashia.

Kwanza mlio mdogo, kama mtu anaguna. Kisha ngurumo.

Wale mlioisikia injini yetu ya zamani, isahauni. Hii niliisikia kifuani kabla ya masikio. Moto ulitoka mdomoni umenyooka, mweupe karibu na grafiti, wa manjano mbele, na vumbi la machimbo lote likanyanyuka. Nilikuwa naitazama kofia ya juu kwa darubini kupitia tundu la ukuta na sikupepesa. Nilikuwa nangojea ulimi wa moto pale ubavuni. Sekunde ya pili, ile iliyotuangusha Uroa, ikaja ikapita. Ya tatu. Ya nne. Plastiki ikaisha, ngurumo ikageuka mluzi, na mluzi ukafa. Nikafunga valvu.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu alikuwa ameweka mkono kifuani. Vuai alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayekataa chai.

Tulingoja mpaka bomba likashikika. Vuai akafungua bolti kumi na mbili, akazipanga, akaivuta kofia ya juu. Akatoa pete mbili akazilaza kiganjani. Nyeusi, laini, nzima. Alizinusa. Akanipa nami nikazinusa, na zilinuka mafuta tu.

Mwalimu, ambaye furaha yake haidumu mbele ya namba, akatwita kwenye kompyuta. "Bomba zuri. Pete nzuri. Nguvu haikufika nilipotaka. Gesi inaingia kwa uchoyo. Ni kinyunyizio, Agnes. Matundu yako yale."

"Nitayatengeneza upya," nikasema.

"Wiki tatu."

"Zinatosha, Mwalimu."

Na zitatosha. Kinyunyizio ni kile kisahani chenye matundu madogo kinachoigawa gesi kabla ya kukutana na moto. Nilikitoboa mimi kwa mashine ya mkono, na nikikitazama sasa hapa mezani naona matundu mawili yamekwenda upande. Sina wa kumsingizia, na sitafuti.

Wakati tunapakia vitu, Vuai alinijia. Alikuwa amelibeba bomba kifuani, limefungwa kwenye taulo.

"Bi Agnes. Sijakusamehe sawasawa. Siwezi kukwambia nshasamehe, n'takuwa mwongo."

"Nimefahamu."

"Lakini skiza. Mambo ya kila mtu na pahala pake peke yake, hayo basi. Mie nnakata, hakuna anaejua nnachokata. Wewe unafunga, hakuna anaejua unachofunga. Jumanne saa kumi uje karakana. N'takufundisha mashine. Nataka anaenipima ajue anachokipima. Na hicho kinyunyizio chako utakikata upya pale, mie nimesimama. Halafu na wewe unifundishe habari za gesi."

"Mimi nina miaka arobaini na nne, Vuai. Mkerezaji?"

"Kwani nimekuuliza umri? Uje na viatu vya kufunika vidole. Usije na mtandio wa kuning'inia. Na hizo bangili uzivue, mashine ikizikamata inachukua na mkono."

Jumanne ilikuwa iwe siku ya viyoyozi vya hoteli moja kule Nungwi. Nimeshampigia meneja, nimemwambia nitakwenda Jumatano. Akauliza kuna dharura gani. Nikamwambia nnakwenda shule. Akacheka, akadhani natania.

Viatu ninavyo. Bangili tano zimetoka kwa urahisi, na ya sita, ya marehemu mama, imegoma kwenye kifundo cha mkono. Nimepaka sabuni, nimeng'ang'ana nayo hapa kwenye sinki mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Imetoka.